Tenda imetolewa kimya kimya, nifanyeje?

Mkandarasi, Sakina: Kazi ya mtaro kapewa jamaa mmoja bila kutangazwa, eti dharura. Inaruhusiwa?

Inaruhusiwa kaka, ila sio kila kitu ni dharura. Sheria inakubali kumpa mtu mmoja bila ushindani, mfano maji yamebeba daraja na watu hawavuki, lakini hiyo dharura iwe haikutarajiwa na isiwe imeletwa na uzembe wa ofisi yenyewe. Sasa masika Arusha nani hayajui? Mtu ana bajeti ya mtaro tangu Julai, Aprili ndo anapiga kelele dharura, mimi hiyo siikubali, dai kwa maandishi sababu zilizopitishwa na bodi ya zabuni.

Dada wa Pasua, Moshi: Nimepata notisi ya kusudio la kumpa tenda mwingine. Nina muda gani?

Mfupi! Siku 5 za kazi, lalamika kwa Afisa Masuuli (mkuu wa taasisi inayotoa tenda) kupitia NeST, mfumo wa serikali wa tenda mtandaoni, usiporidhika unakata rufaa PPAA, yaani Mamlaka ya Rufani ya Zabuni za Umma. Wengi wanalia kwenye magrupu ya WhatsApp mpaka siku zinaisha.

Fundi, Ngaramtoni: Aliyeshinda kwa bei ya chini kila mwezi anaongezewa kazi. Si upigaji huo?

Inategemea. Kuchimba msingi ukakutana na mwamba ambao haupo kwenye BOQ (orodha ya kazi, vipimo na bei), nyongeza ni halali kabisa. Ila tenda ya madarasa ikizaa bweni, uzio na barabara, hiyo ni kazi mpya imefichwa ndani ya mkataba wa zamani na ilitakiwa ishindaniwe. Hata Marekani, kule malalamiko yanapelekwa GAO, ofisi ya ukaguzi ya Bunge lao, na uamuzi unatoka ndani ya siku 100, swali ni hilohilo: walioomba tenda wangetegemea mabadiliko haya siku wanaweka bei? Halafu angalia idhini ilitoka kabla au baada ya kazi, ikiwa baada basi hapo ndo pa kuchimba.

Na fosi akaunti je, unaweza kuipinga? Hapo taasisi inajenga yenyewe bila kumpa mkandarasi tenda, hakuna mshindi wa kumpinga.

Mkandarasi, Njiro: Injinia aliniambia kwa mdomo niongeze kazi, sasa hawalipi. Niende PPAA?

Hapana, pole sana. PPAA ni ya utoaji wa tenda, ugomvi wa malipo unafuata kifungu cha migogoro kwenye mkataba wako. Mwandikie injinia leo hii, "kufuatia maelekezo yako ya tarehe fulani", ambatanisha picha na vipimo, na soma siku za notisi kwenye mkataba kabla hujalala.