Anayekwenda kusoma Nagoya: mkoa wa Aichi kama nilivyoishi humo

Mkuu, umeuliza kama ukubali nafasi ya uzamili Nagoya au usubiri ya Tokyo, maana umeambiwa Nagoya ni viwanda na barabara pana, hakuna kingine. Nimesoma huko, halafu nikafanya kazi kwenye kampuni ya vipuri mjini Kariya, kwa hiyo nivumilie nijibu kwa urefu. Jibu la haraka ni hili: nenda. Wengi wanaosema Nagoya ni viwanda tu wamepita hapo na Shinkansen, treni ya mwendokasi, basi. Tokyo hadi Nagoya ni kama saa moja na dakika 40, treni inasimama kidogo, mtu anachungulia dirishani anaona maghorofa na maghala, anahitimisha.

Tuanze na ramani. Nagoya ni makao makuu ya mkoa wa Aichi, katikati ya Japani upande wa Pasifiki. Mkoa una watu kama milioni 7.5, wa nne nchini baada ya Tokyo, Kanagawa na Osaka, na Nagoya peke yake ina milioni 2.3. Ndani yake zimo nchi mbili za zamani. Magharibi ni Owari, tambarare iliyojengwa na udongo wa mto Kiso na mito jirani. Mashariki ni Mikawa, vilima na misitu inayopanda kuelekea Nagano. Kusini zinatoka rasi mbili, Chita na Atsumi, zikiizunguka ghuba ya Mikawa. Mgawanyo huo haujafa: ukisimama kwenye taa za barabarani utaona vibao vya magari vimeandikwa "Owari-Komaki" au "Mikawa". Na wenyeji wanajivunia historia yao. Oda Nobunaga na Toyotomi Hideyoshi walitoka Owari, Tokugawa Ieyasu alizaliwa kwenye ngome ya Okazaki huko Mikawa. Watu watatu walioiunganisha Japani baada ya vita vya karne ya 16 wametoka eneo ambalo leo unalimaliza kwa treni kabla ya chakula cha mchana.

Hilo la tambarare usilichukulie juu juu, hasa unapotafuta chumba. Sehemu kubwa ya kusini-magharibi mwa Nagoya iko chini ya usawa wa bahari. Usiku wa tarehe 26 Septemba 1959 kimbunga cha Isewan kilisukuma maji ya ghuba ya Ise yakavunja kingo, na waliokufa au kupotea walipita 5,000, wengi wao Aichi na mkoa jirani wa Mie. Magogo yaliyohifadhiwa karibu na bandari yalielea na maji na kubomoa nyumba zilizosimama. Kingo za leo ni nyingine kabisa, lakini omba ramani ya mafuriko kwenye ofisi ya wilaya kabla ya kusaini mkataba. Wanaitoa bure. Zile barabara pana unazozisikia nazo zina sababu. Mji uliteketea kwa mabomu mwaka 1945, ngome ya Nagoya ikiwamo, na wapangaji wa mji wakaamua kuchora barabara mbili za upana wa mita 100 ili moto usivuke tena kirahisi kutoka mtaa hadi mtaa.

Sasa viwanda, maana huwezi kuielewa Aichi bila hivyo. Tangu 1977 mkoa huu unaongoza Japani nzima kwa thamani ya bidhaa za viwandani, na wala haukuanzia kwenye magari, ulianzia kwenye pamba. Ukifika, nenda kwenye makumbusho ya viwanda ya Toyota, ambayo yamo ndani ya majengo ya matofali ya kiwanda cha zamani cha nguo, si mbali na stesheni ya Nagoya. Kuna mtambo wa kufuma wa mvumbuzi Toyoda Sakichi wa mwaka 1924. Siku niliyokwenda, mhudumu aliuwasha, shuti, kile kipande kinachopitisha uzi, ikawa inaruka huku na huko kwa kelele, kisha akakata uzi mmoja tu kwa makusudi. Kipande kidogo cha chuma kilichokuwa kimeshikiliwa na uzi ule kikaanguka, mtambo mzima ukasimama papo hapo. Fundi mmoja aliweza kusimamia mitambo mingi, kwa sababu mtambo wenyewe ulikataa kuendelea kutengeneza kitambaa kibovu. Mwana wa Sakichi, Kiichiro, ndiye aliyeelekeza kampuni ya familia kwenye magari, na Toyota Motor ikasajiliwa mwaka 1937. Ile kamba anayovuta mfanyakazi kwenye mstari wa kuunda magari akiona kasoro, taa ikawaka na kiongozi wake akaja mbio, ni wazo lilelile la uzi uliokatika. Mimi niliyesoma uhandisi wa viwanda kwa vitabu, hapo ndipo niliposhika maana yake.

Mji wa Toyota ulikuwa ukiitwa Koromo na uliishi kwa hariri. Hariri ilipodorora kikaja kiwanda cha magari, na mwaka 1959 mji ukabadilishwa jina kufuata kampuni. Kuuzunguka kuna Kariya, Anjo na miji mingine ya watengeneza vipuri, inayofuata ratiba ileile ya kiwanda mama. Kuna kitu wenyeji wanakiita kalenda ya Toyota: sikukuu nyingi za kitaifa watu wako kazini kama kawaida, halafu viwanda vinafunga kwa pamoja kwa siku nyingi mwezi Mei, Agosti na mwaka mpya. Ukiwa na rafiki wa kiwandani, panga safari zako kwa kalenda hiyo.

Na huku ndiko inakoanzia safari ya magari mengi tunayoyaendesha nyumbani. Land Cruiser zinaundwa kiwanda cha Yoshiwara, ndani ya mji wa Toyota. Bandari ya Nagoya ndiyo inayoshika nafasi ya kwanza Japani kwa tani za mizigo, na meli za kubebea magari zinazopakia hapo zinafika hadi Dar es Salaam na Mombasa. Mjapani mwenye gari lazima alipeleke kwenye ukaguzi wa serikali, mara ya kwanza baada ya miaka mitatu na kisha kila miaka miwili, na gharama yake si ndogo. Wengi wanaona heri kuuza, gari linapelekwa mnadani, na linaishia kwetu likiwa bado zima.

Wanaosema hakuna kingine hawajafika rasi ya Atsumi. Zamani ilikuwa ardhi kame yenye kilimo cha kubahatisha. Mfereji wa Toyogawa, uliokamilika mwaka 1968, ndio ulioigeuza. Leo kuna kabichi hadi upeo wa macho, na usiku vitalu nyumba vinawaka taa. Ndani yake kuna maua ya krisantemu, ambayo huchanua siku zinapokuwa fupi. Mkulima anayawashia taa yadhani bado ni kiangazi, kisha anazima kwa hesabu ili yachanue wakati soko linapoyahitaji. Aichi inaongoza Japani kwa uzalishaji wa maua. Mtoto wa mkulima kama mimi nilisimama pale nikatamani kuanza upya na shahada nyingine.

Kwa chakula, miso (rojo la soya iliyochachushwa) ya huku ni nyeusi na nzito. Ile ya Hatcho inatengenezwa Okazaki, mita mia nane na kitu kutoka ngome ya Ieyasu. Soya inakaa kwenye mapipa ya mbao ya mwerezi yanayozidi kimo cha mtu, juu yake mawe ya mtoni yamepangwa kwa mkono kama kichuguu, tani tatu hivi, na inaachwa zaidi ya miaka miwili. Kama wewe ni Mwislamu, ujue miso katsu ni nyama ya nguruwe. Wewe kula mkunga wa kuchoma juu ya wali, wanaita hitsumabushi, lakini uulize kwanza kama mchuzi una pombe. Msikiti uko mtaa wa Honjin, karibu na kituo cha treni ya chini ya ardhi. Asubuhi ingia mgahawa wowote wa kizamani, agiza kahawa, na mkate wa kuchoma na yai la kuchemsha vinakuja bila nyongeza ya bei. Kwa bajeti ya mwanafunzi hilo si jambo dogo.

Hutakuwa mgeni peke yako. Baada ya marekebisho ya sheria ya uhamiaji kuanza kutumika mwaka 1990, Wabrazili wenye asili ya Kijapani walikuja kwa wingi viwandani, na Aichi ndiyo yenye Wabrazili wengi kuliko mkoa wowote. Toyohashi utakuta matangazo ya manispaa kwa Kireno. Na ukiwa Toyohashi mwezi Julai, tafuta tamasha la hekalu la Yoshida. Wanaume wanakumbatia bomba la mwanzi lililofungwa kamba, lililoshindiliwa baruti, cheche zinapanda mita nyingi na kuwaangukia mabegani, na hawasogei. Kila mmoja hukata mwanzi na kushindilia bomba lake mwenyewe. Nilimwona kijana wa kiwandani tuliyefahamiana naye amesimama ndani ya mvua ile ya moto, meno ameuma, na baba yake pembeni anamtazama bila kupepesa.

Vitu viwili vya kujiandaa navyo: joto la Agosti ni la unyevu kuliko la Dar (Nagoya iligonga nyuzi 40.3 tarehe 3 Agosti 2018), na Januari upepo mkavu unashuka kutoka mlima Ibuki, baiskeli inakuwa kazi. Nunua koti huko huko, maduka mazuri ya mitumba yapo Osu, mtaa wa Nagoya. Tuambie chuo chako kiko kampasi ipi, nikuelekeze mitaa yenye kodi nafuu na njia ya treni inayokufaa.