Uliza Tukujibu: Ule ukuta ulimwangukia kweli?

Wiki hii meseji zimejaa muvi za vichekesho za zamani tu, nahisi kuna mtu kaleta flashi mpya kwenye vibanda umiza vya hapa Kigoma mjini maana mnauliza zilezile wote. Maswali yaliyofanana nimeyaunganisha, msinune.

Shikamoo kaka. Kuna muvi haina sauti, jamaa kasimama barabarani upepo unavuma balaa, ukuta mzima wa nyumba unamwangukia ila yeye anabaki wima kwenye uwazi wa dirisha. Mwenye kibanda anasema ni kompyuta, mi nakataa. Tumewekeana soda. (Fundi redio, Gungu)

Marahaba mdogo wangu, kadai soda yako. Huyo ni Buster Keaton, mchekeshaji wa enzi za muvi zisizo na sauti, muvi inaitwa Steamboat Bill, Jr. ya mwaka 1928, na ukuta ni ukuta kweli, uzito unaotajwa ni kama tani mbili hivi. Walipigia kando ya mto Sacramento kule California, wakajenga mtaa mzima wa kuja kuubomoa. Mwanzo hadithi ilikuwa iishie na mafuriko, ila 1927 mto Mississippi ulifurika ukaua watu, ikaonekana si vizuri kuchekea maji, ndo wakageuza kuwa kimbunga.

Sasa sikiliza walivyofanya maana hapa ndo utamu ulipo. Walitengeneza kwanza fremu ya ukuta, wakaifunga bawaba nzito chini, wakailaza ardhini, afu Keaton akasimama pale pale atakaposimama siku ya kupiga na dirisha likajengwa kumzunguka yeye. Kila bega liliachiwa inchi mbili, kichwa inchi mbili, visigino inchi mbili, yaani vidole vitatu vya mkono basi. Wakapigilia misumari mikubwa chini visigino vitakapokaa, wakaurudisha ukuta juu kumalizia kuujenga. Unaweza kujiuliza kwa nini wasitumie mbao nyepesi au turubai ili ukimpata asife, jibu ni kwamba yale mafeni makubwa ya upepo yangeupinda ukuta mwepesi ukiwa njiani na dirisha lingehama, kwa hiyo ule uzito ulioweza kumuua ndo huohuo uliomlinda. Ilikuwa ni teki moja tu, yaani walipiga mara moja basi, inasimuliwa baadhi ya watu wa kamera waligeuzia uso pembeni. Keaton mwenyewe alikuja kusema kipindi kile alikuwa na hasira zake, bila hivyo asingekubali, na kweli studio yake ilikuwa ndo inafungwa. Ukiiangalia tena mwangalie miguu, haisogei hata kidogo. Mi kwangu hakuna kichekesho kinachokifikia hicho, na mashabiki wa Charlie Chaplin, mchekeshaji mwenzake wa enzi hizo, mnaweza kubisha mnavyotaka.

Mjukuu wangu hujambo. Wajukuu wananiwekea ile ya yule baba aliyeokota chupa ya soda iliyotupwa toka kwenye ndege akaenda kuitupa mwisho wa dunia. Nacheka, lakini najiuliza yule baba wa watu alilipwa? Na ni kweli alikuwa hajawahi kuona vitu vya kizungu? (Bibi wa Ujiji)

Shikamoo bibi, sijambo, na swali lako limewashinda wengi waliosoma. Hiyo ni The Gods Must Be Crazy ya 1980, dairekta ni Jamie Uys, Mzungu wa Afrika Kusini, na yule baba anaitwa N!xau, Msan (wale wenyeji wa Kalahari) wa Namibia. Muvi yenyewe ilizungushwa duniani kama ya Botswana kwa sababu Afrika Kusini ya makaburu ilikuwa imesusiwa, wewe bibi unakumbuka vizuri miaka ile ilivyokuwa hapa kwetu.

Hayo ya kutojua chupa ni maigizo. Wakati wanapiga ile muvi Wasan wengi wa upande ule walishakusanywa sehemu inaitwa Tsumkwe, kuna ofisi za serikali, kuna duka, wanakula unga wa mgao, na jeshi la Afrika Kusini linaandikisha vijana wao wawe askari. Ule mwanzo wa muvi, ile sauti inayotuambia watu hawa hawana shida, hawana ugomvi, hawamjui mtu yeyote, bibi usiiamini. Pesa ya kwanza aliyopewa N!xau ilikuwa ndogo mno ukilinganisha na mamilioni ya dola muvi iliyoingiza, ila walipomrudia kwa ajili ya ile ya pili iliyotoka 1989 alishashtuka, akadai ya maana, akasema anataka kujenga nyumba ya matofali yenye umeme na pampu ya maji kwa ajili ya familia. Nilifurahi sana kusoma hiyo. Baadaye akaenda mpaka Hong Kong kucheza muvi za kule, akarudi kwao akawa analima mahindi na maboga na kufuga ng'ombe. Alifariki Julai 2003, alitoka kwenda kutafuta kuni asirudi.

Cheka tu bibi sehemu za lile Land Rover lisilo na breki, pale hatumchekei mtu yeyote zaidi ya gari.

Kwa nini watu kwenye zile muvi za kizamani wanatembea kama wanakimbizwa? (Uvinza)

Kamera zilikuwa zinazungushwa kwa mkono, picha kama 16 mpaka 20 kwa sekunde, afu baadaye zikaja kuoneshwa kwenye mashine za picha 24 kwa sekunde, ambacho ni kiwango kilichoshika baada ya sauti kuingia, kwa hiyo kila kitu kinaenda mbio. Ila si zote ni bahati mbaya, wachekeshaji wengine walikuwa wanazungusha taratibu makusudi ili kwenye skrini mtu akimbie kuliko uwezo wake. Hata dairekta wa ile muvi ya chupa ya soda katumia ujanja huohuo, miaka yote hiyo baadaye.

Anko shikamoo, eti Jackie Chan ndo wa kwanza kuning'inia kwenye saa ya ghorofa? Darasani tumebishana. (Mwanafunzi, Kasulu)

Marahaba. Jackie Chan ni kwenye Project A, 1983, na yeye aliachia kweli akashuka akipasua maturubai mpaka chini, wala simbezi. Ila babu yake kwa hilo ni Harold Lloyd, mchekeshaji wa muvi zisizo na sauti, kwenye Safety Last!, 1923, na Jackie hajawahi kuficha kwamba amewasoma wale wazee. Ya Lloyd ina ujanja: ule ukuta wenye saa walijenga juu ya paa la jengo la kweli katikati ya Los Angeles, kamera ikakaa kwa namna kwamba barabara unayoiona chini ni ya kweli na magari ya kweli, wakati chini yake hapo nje ya picha kuna jukwaa lenye magodoro. Zile picha za mbali sana, mtu akionekana mdogo anapanda ghorofa, alipanda mwingine.

Usije ukasema basi alikuwa anadanganya, maana kuna kitu wengi hawakijui. Mwaka 1919 alikuwa anapiga picha ya matangazo, kashika bomu la kuigizia anajifanya kuwashia sigara, kumbe bomu zima. Likamlipukia, likamkata dole gumba na kidole cha shahada cha mkono wa kulia, na macho yakakaa muda hayaoni. Kwa hiyo yule unayemwona ananing'inia kwenye mshale wa saa, mkono wa kulia kavaa glavu yenye vidole vya bandia. Simamisha picha umwangalie mkono, ukishajua hivyo huwezi tena kuiangalia kama zamani.

Yule mzee wa kizungu mbishi kule kinyozi kwenye Coming to America ni nani? (Dada wa saluni, Mwanga)

Eddie Murphy mwenyewe dada yangu! Kinyozi mbishi pia ni yeye, na yule mwimbaji wa bendi ya hovyo ni yeye. Mchungaji na yule msichana wa sura ngumu kule klabu ni Arsenio Hall. Aliyewatengeneza sura ni Rick Baker, wakamteua Oscar kwa kazi hiyo. Wewe wa saluni ungeiangalia ile ngozi ya shingo ya mzee kwa karibu, halafu uniambie mteja wako anakaa kwenye kiti masaa mangapi.

Sisi vijana wa Kibirizi tunarekodi vichekesho kwa simu pale mwaloni. Shida mbili: tukionesha kwa projekta watu wanacheka hadi sentensi inayofuata haisikiki, na dairekta wetu anaturudisha kipande kimoja mara sita mpaka dagaa zinaanikwa zinaanuliwa. Tumfukuze?

Msimfukuze, mara sita ni nini. Chaplin kwenye City Lights alimrudisha Virginia Cherrill, dada aliyeigiza muuza maua kipofu, kwenye kile kipande cha kumuuzia ua jamaa maskini, idadi inayotajwa ni teki 342. Tatizo halikuwa dada, Chaplin mwenyewe ndo alikuwa hajapata jibu: kipofu atamdhaniaje maskini kuwa ni tajiri? Akaanza kupiga 1928, muvi ikatoka 1931, katikati hapo akamfukuza yule dada akamrudisha, na jibu lenyewe lilikuwa mlio wa mlango wa gari unaofungwa, kipofu akiusikia anadhani aliyeshuka ni tajiri. Kwa hiyo muulizeni dairekta wenu anatafuta nini. Kama hajui, mwacheni atafute, ila anunue chai.

Hilo la kicheko lina dawa mbili. Kwenye Some Like It Hot ya 1959 dairekta Billy Wilder alimpa mwigizaji Jack Lemmon manyanga, kila akimaliza sentensi anayatikisa na kucheza kidogo, watu wamalize kucheka ndo aseme nyingine. Na kabla ya A Night at the Opera ya 1935 wale wachekeshaji ndugu wa Marx walizunguka na vipande vyao kwenye majukwaa ya miji mbalimbali ili kupima watu wanacheka wapi na kwa muda gani. Nyie hapo mwaloni watazamaji mnao bure asubuhi mitumbwi ikirudi, chezeni mbele yao kwanza, mmoja wenu akae pembeni na saa ya simu aandike sekunde, afu ndo mrekodi. Na wapeni wachuuzi nafasi wapite, msije mkapigwa na ndoo.