Utitiri au watoto wa buibui kwenye muhogo?

Ndugu yangu wa Wete, umeuliza kama vinukta vyekundu vinavyotembea chini ya majani ya muhogo wako, penye utando mwembamba, ni watoto wa buibui. Kwa maelezo yako naelekea kuamini kuwa ni utitiri, yaani viumbe wadogo sana wa jamii ya buibui na kupe; utando peke yake si ushahidi wa buibui, kwa kuwa upo utitiri unaosokota nyuzi kama buibui.

Likung'ute jani juu ya karatasi nyeupe, kisha tazama kwa lenzi. Buibui, hata aliyeanguliwa karibuni, ana kiuno chembamba kinachotenga sehemu mbili za mwili, lakini mwili wa utitiri ni kipande kimoja kisicho na kiuno. Miguu isikupoteze: utitiri uliokomaa una minane, bali unapotoka kwenye yai una sita tu, na ndiyo maana wengi huudhania kuwa mdudu wa kawaida. Kupe mchanga naye ana sita, ila chakula chake ni damu, kwa hiyo madoa meupe kwenye majani si kazi yake.

Angalia pia ni majani gani yaliyoshambuliwa, kwani utitiri wa kijani, ulioonekana Uganda mwaka 1971 ukitokea Amerika ya Kusini, hupenda majani machanga ya kileleni, ilhali mwekundu huanzia majani yaliyokomaa. Nakusihi usinyunyize dawa kabla ya kuchunguza, maana baadhi ya utitiri unaokwenda mbio huwala hao waharibifu, na dawa nyingi huuua nao.