Babu asema Washirazi, mate yasema vingine

SWALI: Anti shikamoo. Mimi wa Tanga, toka utoto babu anatuambia sisi Washirazi, wazee walishuka na majahazi kutoka Uajemi. Sasa kakangu yuko Uingereza akanunua kile kipimo cha DNA, unatema mate kwenye kichupa unaposti, majibu yakaja karibu yote Afrika, Uajemi sifuri. Dadangu naye kapima, eti ana asilimia 4 ya Iran, na ni baba mmoja mama mmoja! Babu kanuna. Yeye ndo kadanganywa au sisi tumetapeliwa?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hakuna aliyetapeliwa, na hayo ya kakako na dadako yasiwatie fitna, mtoto anachukua nusu kwa baba nusu kwa mama ila sio nusu ileile kwa kila mtoto, ni kama kupakua pilau sinia moja, huyu kaangukia nyama tatu yule viazi vitupu. Ukirudi vizazi 6 una wahenga 64, kila mmoja kwa wastani kakuachia asilimia moja na nusu hivi, ukizidi kurudi wengine hawajakuachia hata chembe na bado ni wazee wako halali. Tena zile asilimia ni makadirio tu, kampuni inakulinganisha na watu iliokwisha kuwapima.

Sasa ya babu. Mwaka 2023 watafiti akiwemo Profesa Chapurukha Kusimba walitoa kwenye jarida la Nature DNA ya watu 80 wa kale, wengi wamefukuliwa makaburi ya pwani, Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa, Songo Mnara huko, waliozikwa kati ya 1250 na 1800. Wengi wao kwa mama ni Waafrika, kwa baba damu ya Asia, hasa Uajemi, na kuchanganyika kulianza kwenye mwaka 1000 hivi. Kwa hiyo babu msimcheke.

Anayetafuta Mshirazi wa baba kwa baba anapima kromosomu Y, kile kipande cha DNA ambacho baba humrithisha mwanawe wa kiume, nayo wanayo wanaume tu, dadako hana. Ila hujaniambia, huyu babu mzaa baba au mzaa mama? Kama mzaa baba, kakako anatosha. Kama mzaa mama, Y ya kakako haimhusu kabisa, labda mjomba wenu akubali kupima, au babu mwenyewe ateme mate, na kwa alivyonuna sijui mtamwanzaje.