Kwa wapima ardhi wa Mwanza mnaojiandaa na mtihani wa leseni

Wadogo zangu, swali mnaloniuliza mara kwa mara ni lilelile: "Kaka, nisome kitabu gani?" Mnadhani mtihani wa leseni ni chuo kimerudi. Sivyo. Chuoni walitaka kujua kama unaweza kukokotoa. Huku wanataka kujua kama saini yako inaweza kuachwa peke yake kwenye ramani ya kiwanja cha mtu, bila msimamizi nyuma yako. Ndiyo maana ushauri wangu ni huu: soma kwa kutumia kazi unayoifanya kila siku hapahapa kando ya Ziwa Victoria, na kila namba inayotoka kwenye mashine iulize imetoka wapi.

Tuanze na jambo ninaloliona likiwatatiza hata vijana wenye vyeti vizuri. Jiji la Mwanza liko karibu kabisa na longitudo ya nyuzi 33 mashariki, ambayo ndiyo meridiani ya kati, yaani mstari wa katikati, ya kanda ya 36 Kusini ya UTM, mfumo wa ramani unaoigawa dunia katika kanda ili kuichora kwenye karatasi bapa. Hapo skeli fakta, namba ya kuzidishia umbali ili uingie kwenye ramani, ni 0.9996, yaani kilomita moja ya ardhini inapungua sentimita 40 ikiingia kwenye gridi, miraba ya ramani hiyo. Wengi wanaishia hapo. Waliosomea Dar es Salaam nao walikuwa jirani na meridiani ya kati ya kanda yao, nyuzi 39, lakini Dar iko kando ya bahari, kwa hiyo marekebisho ya mwinuko hayakuwahi kuwasumbua. Kwetu ziwa lenyewe liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na vilima vyetu viko juu zaidi. Kadiri ulivyo juu ndivyo umbali wa ardhini unavyouzidi ule wa usawa wa bahari, na mwinuko huo peke yake unakula kama sentimita 18 nyingine kwa kila kilomita. Jumla ni sentimita 58.

Kwenye kiwanja chenye upande wa mita 30 hiyo ni chini ya sentimita mbili, na hakuna mteja atakayekuja kulalamika. Sasa chukua daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita 3. Ukikokotoa umbali kutoka koordineti za gridi, namba zinazotaja pointi iko wapi, na kumpa mjenzi jinsi ulivyo, umempunja mita 1.7 hivi. Fanya zoezi hili kabla ya mtihani: tafuta pointi mbili za kontroo (alama ambazo koordineti zake zinajulikana kwa uhakika) zinazoonana, pima umbali wake kwa totali stesheni, mashine ya kupima pembe na umbali, ukiwa umezima marekebisho yote, kisha kokotoa umbali uleule kutoka koordineti. Ieleze tofauti kwa kalamu na karatasi mpaka ikuishie mkononi.

Ndugu wa kosa hilo ni la datamu, yaani umbo la dunia na mahali pa kuanzia ambapo koordineti zinahesabiwa. Ramani nyingi za zamani ziko kwenye datamu ya Arc 1960, wakati GPS yako kwa kawaida inakupa datamu ya WGS84. Ukizichanganya, kiwanja kinahama takriban mita 300. Ukiwa Capri Point, mita 300 zinatosha kabisa kukuweka majini na samaki. Ubaya ni kwamba namba zenyewe hazikustui: kwenye datamu zote mbili nothingi (mita za kaskazini-kusini) za jijini ni milioni 9.7 na kitu, isitingi (mita za mashariki-magharibi) za katikati ya mji hazifiki 500,000, na ukielekea Magu zinaivuka. Zina sura moja. Usikubali orodha ya koordineti isiyotaja datamu, hata kama aliyekuletea ni bosi wako.

Miteremko sitaisemea sana, mnaijua. Ukilaza tepu ya mita 30 kwenye mteremko wa nyuzi 20 kule Igogo au Mabatini, umbali mlalo ni mita 28.19, na ramani inataka umbali mlalo.

Sheria ndiyo watu wanaikariri kama shairi, halafu swali la kesi likija wanakwama. Sheria ya Upimaji Ardhi, Sura ya 324. Ya usajili wa wapima ya 1977. Sheria ya Ardhi na ya Ardhi ya Vijiji, zote za 1999. Ya Mipango Miji ya 2007. Zisome ukiwa na mahali halisi kichwani. Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni mwa ziwa. Sawa, lakini mita 60 kutoka wapi? Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipanda hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu miaka ya 1960, na mialo, fukwe za kuegesha mitumbwi, ikaingiwa na maji. Mpima makini anaandika kwenye daftari tarehe, mwinuko wa maji siku hiyo, na alama ya juu ambayo maji yaliwahi kufika.

Au nenda Misungwi. Mzee anakuonyesha mpaka wa shamba: mstari wa minyaa mikubwa. Jirani anakuonyesha mstari mwingine, minyaa midogo, hatua chache ndani. Wote wanakutazama wewe na hiyo mashine yako kana kwamba itatoa hukumu. Haitatoa, wala wewe huna mamlaka hayo. Unapima walichokubaliana mbele ya majirani na viongozi wa kijiji. Wasipokubaliana, unaonyesha mistari yote miwili kama ilivyo, unaandika kuwa kuna mgogoro, na hupandi bikoni, jiwe la mpaka. Anayejibu "ningegawanya katikati" mimi nisingempa leseni.

La mwisho ni makaratasi, na hili linawachelewesha watu kuliko hesabu. Ukiomba usajili utatakiwa kuonyesha uzoefu wa kazi uliosimamiwa. Nimeona kampuni ikifungwa na vijana wake wakabaki bila ushahidi wa kazi walizofanya juani. Tunza nakala za daftari za fieldi, hesabu na ramani zilizoidhinishwa, na kila kazi ikiisha msimamizi asaini wiki hiyohiyo, kabla hajahamia Dodoma.