Gemu kwenye Linux: taja kwanza unacheza nini

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nina laptopu ya HP EliteBook 840 G3 niliyoinunua ikiwa imeshatumika: Core i5 ya kizazi cha sita, RAM GB 8, SSD GB 256. Windows 10 haipati tena masasisho na Windows 11 inaikataa mashine. Nasoma TEHAMA mwaka wa pili, na mwalimu wetu anasisitiza tuhamie Linux. Shida ni gemu. Mimi nacheza GTA V na Euro Truck Simulator 2, zote nilizinunua Steam. Mdogo wangu, ambaye tunatumia naye mashine hii, hasikii la mtu isipokuwa Valorant, na sasa anaulizia FC, gemu ya mpira ya kampuni ya EA. Hosteli mmoja ananiambia Linux haina gemu, mwingine anadai gemu zinakimbia kuliko kwenye Windows. Nimwamini nani? Na nikihama, itabidi niishushe GTA upya kwa bando? Msomaji, Morogoro.

JIBU: Wewe hamia, mdogo wako abaki alipo. Mashine yenu inaruhusu yote mawili, nami nitakueleza namna. Siwapi jibu moja kwa sababu siku hizi jambo hili linaamuliwa na gemu yenyewe kuliko linavyoamuliwa na Linux. Mtu anayeuliza "Linux ipi nzuri kwa gemu" kabla ya kutaja gemu zake anaanzia mwisho.

Huyo anayesema Linux haina gemu anasema jambo lililokuwa kweli miaka kumi iliyopita. Mwaka 2012 Gabe Newell, mkuu wa Valve, kampuni yenye Steam, alisema hadharani kuwa Windows 8 ni janga kwa watu wa kompyuta. Microsoft ilikuwa inaingiza duka lake ndani ya Windows, na Steam ni duka. Hofu yake ilikuwa na msingi. Steam ya Linux ikatoka Februari 2013. Novemba 2015 zikafuata Steam Machine, kompyuta za sebuleni zenye mfumo wa SteamOS. Hazikupata wanunuzi wa maana, kwa sababu mpango mzima ulisubiri watengenezaji wa gemu watoe matoleo ya Linux, na wengi hawakuona faida yake. Valve ikaacha kuwabembeleza. Ikaamua Linux iendeshe gemu za Windows kama zilivyo, na Agosti 2018 ikatoa Proton.

Hapa wengi hudhani kuna Windows iliyofichwa ndani. Hakuna. Prosesa yako ni ileile, na hesabu za gemu zinafika kwake moja kwa moja. Kinachotafsiriwa ni maombi ambayo gemu hupeleka kwa Windows: fungua faili hili, toa sauti hii, chora umbo hili. Maombi ya kawaida yanashughulikiwa na Wine, mradi wa programu huria ulioanza 1993. Michoro inashughulikiwa na DXVK, ambayo huchukua amri za DirectX (lugha ya michoro ya Windows) ya zamani hadi ya 11 na kuzigeuza kuwa za Vulkan, lugha nyingine ya michoro ambayo draiva za Linux, yaani programu zinazoendesha vifaa, zinaielewa vizuri; DirectX 12 ina mkalimani wake mwingine. DXVK ilianzishwa na Philip Rebohle kwa sababu alitaka kucheza Nier: Automata kwenye Linux, na Valve ikamchukua aendelee na kazi hiyo kwa malipo. Nikifundisha vijana programu humtaja kila mara. Kiu ya mtu mmoja kwa gemu moja imefungua maelfu ya gemu kwa watu wengine. Mwaka 2022 Valve ikatoa Steam Deck, mashine ya mkononi inayotumia Linux, na Oktoba 2025 Linux ikavuka asilimia 3 ya watumiaji katika takwimu za Steam. Asilimia 3 ni kidogo, lakini inatosha kumfanya mtengenezaji ajaribu gemu yake kwenye Proton kabla ya kuitoa.

Sasa gemu zenu, moja moja.

Euro Truck Simulator 2 ina toleo lake la Linux tangu 2013. Isakinishe ucheze, hakuna zaidi.

GTA V upande wa hadithi inakwenda vizuri kwa Proton. GTA Online sahau: Septemba 2024 waliiongezea BattlEye, programu ya kuzuia udanganyifu, na hawakuiruhusu ifanye kazi kwenye Linux. Angalia pia ni GTA V ipi. Tangu Machi 2025 zipo mbili, Legacy na Enhanced. Ya pili inataka kadi ya michoro ambayo EliteBook yako haina; wewe ni mtu wa Legacy.

Valorant haifanyi kazi kwenye Linux, na hakuna ujanja wa kuifanya ifanye. Sababu inafaa uielewe, kwa kuwa ndiyo inayokata mzizi wa suala lote. Vanguard, mlinzi wa gemu hiyo, anaingia kama draiva ndani ya kerneli ya Windows, yaani kiini cha mfumo, pale penye mamlaka kuliko programu yoyote ya kawaida, ili amwone mdanganyifu anayejificha chini. Wine inajibu maombi ya programu. Kerneli ya Windows haina, kwa hiyo mlinzi huyo hana pa kusimama. League of Legends ilikuwa ikichezeka kwa Wine kwa miaka mingi, hadi Vanguard ilipoingizwa humo 2024, ikafungwa. Fortnite imefungwa, Call of Duty mpya zimefungwa, FC za EA nazo ni hivyohivyo.

Usidhani ni ugumu wa kiufundi mtupu. BattlEye na Easy Anti-Cheat, walinzi wawili wanaotumika sana, walitangaza tangu 2021 kuwa wanaweza kufanya kazi na Proton endapo mwenye gemu ataruhusu. Wapo walioruhusu, wapo waliokataa, na wapo walioruhusu kisha wakarudi nyuma: Apex Legends ilichezeka kwenye Steam Deck tangu 2022, na Oktoba 31, 2024 EA ikawafungia watumiaji wote wa Linux, ikisema wadanganyifu wanapitia huko. Ninaelewa hoja yao, maana kwenye Linux mtu anaweza kujijengea kerneli yake na kuificha anavyotaka. Hata hivyo mimi sikubali kumpa mtengeneza gemu ufunguo wa kerneli ya kompyuta ninayotunzia kazi zangu. Kwa hiyo gemu za aina hiyo sizichezi. Counter-Strike 2 na Dota 2 ni za mashindano, zina matoleo ya Linux, na hazidai ufunguo huo.

Kuhusu FC, mwambie mdogo wako ukweli mwingine: hata kwenye Windows haitamfaa. FC za miaka hii zinataka angalau kadi ya kiwango cha GTX 1050 Ti. Ninyi mna Intel HD 520, iliyomo ndani ya prosesa. Kwa mpira, mashine hiyo inamudu vizuri gemu za PSP kupitia PPSSPP, programu huria yenye toleo la Linux, ileile ambayo vijana wengi wanaijua kwenye simu.

Nikirudi kwa mwenzako anayedai Linux inaongeza kasi: ipo gemu moja moja, hasa ya zamani, ambayo DXVK inaichezesha kwa ulaini kuliko draiva ya Windows ilivyokuwa ikifanya. Pia mfumo kama Linux Mint unakula RAM kidogo, jambo ambalo kwenye GB 8 unaliona. Ila HD 520 inabaki HD 520. GTA utaicheza kwa picha za chini na ukubwa wa 1280 kwa 720. Ukitaka kasi ya kweli, tafuta RAM. Michoro ya Intel haina kumbukumbu yake, inakopa RAM ya mashine, na njia ya kupitia ni nyembamba endapo kuna kipande kimoja tu. Laptopu nyingi zilizotumika zinauzwa na kipande kimoja cha GB 8. Ukishaingia Linux, andika kwenye teminali:

sudo dmidecode -t memory

Ukiona sehemu moja ina GB 8 na nyingine imeandikwa "No Module Installed", nunua kipande cha pili cha DDR4 cha GB 8. Kwa gemu, hakuna pesa itakayokulipa vizuri zaidi kwenye mashine hiyo, iwe Linux au Windows.

Tuje kwenye kuhama. GB 256 hazitoshi mifumo miwili, maana GTA V peke yake inapita GB 100. Bahati yako 840 G3 ina nafasi mbili za diski: ya inchi 2.5 na ya M.2. Fungua kifuniko cha chini uone SSD yenu imekaa wapi, kisha ununue nyingine kwa ajili ya nafasi iliyo tupu. Wakati wa kusakinisha Linux, ichomoe kabisa ile ya Windows. Mafundi wengine wanaona huo ni usumbufu; mimi nimeona wanafunzi wengi mno wakifuta diski isiyo sahihi. Ukimaliza irudishe, na kuchagua mfumo ni kubonyeza F9 unapowasha.

Kwa mwanafunzi napendekeza Linux Mint 22. Ina masasisho hadi 2029, haishangazishi mtu aliyetoka Windows, na ukikwama utapata wa kukusaidia. Bazzite, Linux nyingine, imetengenezwa mahususi kwa gemu na ni nzuri, lakini imefungwa kwa namna itakayokusumbua unapotaka kusakinisha vitu vya masomo.

Kabla ya Steam, hakikisha draiva ya michoro iko hai:

sudo apt install vulkan-tools
vulkaninfo --summary

Tafuta jina la kifaa. Likiwa "Intel(R) HD Graphics 520" na namba ya Vulkan ni 1.3 au zaidi, uko salama, kwani DXVK ya sasa inadai 1.3. Ukiona "llvmpipe" peke yake, prosesa ndiyo inayochora, na gemu itakwenda fremu mbili mbili. Sasisha mfumo kwanza. Kizazi cha sita ndicho mpaka wa Intel hapa. Rafiki yako mwenye mashine ya kizazi cha tatu au cha nne usimpe matumaini kwa gemu za DirectX 11.

Bando sasa. Huna haja ya kuishusha GTA upya. Ukiwa bado Windows, zima "Fast Startup" kwenye mipangilio ya umeme, vinginevyo Linux itaikuta diski ile katika hali ya usingizi na kukataa kuigusa ipasavyo. Ingia Linux, sakinisha Steam, anza kuishusha GTA, na papo hapo isimamishe na ufunge Steam. Nenda kwenye diski ya Windows, ndani ya steamapps/common, nakili folda la "Grand Theft Auto V" lote hadi kwenye ~/.steam/steam/steamapps/common. Fungua Steam uendelee kushusha: itakagua faili zilizopo na kuchukua zinazopungua tu.

Nasisitiza kunakili. Watu wengi wanajaribu njia ya mkato: wanaielekeza Steam ya Linux kwenye folda lilelile la diski ya Windows ili waokoe nafasi. Gemu hubofywa, huonyesha inaanza, kisha kimya. Proton hutengeneza folda la compatdata ambamo huweka kiungo chenye jina "c:", na nukta mbili ni alama ambayo Windows hairuhusu kwenye majina ya faili. Matokeo yake ni makosa yasiyoeleweka na wakati mwingine diski inayohitaji kurekebishwa. Gemu za Proton zikae kwenye diski ya Linux, kwa muundo wa ext4.

Jambo lingine linalokula bando kimyakimya: Steam ya Linux hushusha vifurushi vya michoro iliyokwisha kuandaliwa kwa kila gemu, na huvisasisha mara kwa mara. Kwenye mipangilio, sehemu ya "Downloads", zima "Shader Pre-Caching". Gemu inaweza kukwamakwama kidogo dakika za mwanzo, basi.

Maendeleo yako ya GTA nayo yanakiliwe. Kwenye Windows yamo ndani ya Documents, Rockstar Games, GTA V, Profiles. Kwenye Linux, washa gemu mara moja ili mafolda yatengenezwe, kisha yaweke hapa:

steamapps/compatdata/271590/pfx/drive_c/users/steamuser/Documents/Rockstar Games/GTA V/Profiles

Namba 271590 ni kitambulisho cha GTA V ndani ya Steam. Kila gemu ina namba yake, na ukiielewa mantiki hii utaweza kuokoa maendeleo ya gemu yoyote.

Siku nyingine ukitaka kununua gemu, ipitie kwanza kwenye tovuti ya ProtonDB, ambako wachezaji huandika inavyokwenda kwenye mashine zao. Soma ripoti za miezi ya karibuni, za zamani ziache. Gemu za kuvunjwa zinazouzwa kwenye flashi usiziingize hata kwenye Linux. Wine haimfungii mtu chumbani: programu yoyote inayoendeshwa humo inaona folda lako la nyumbani lote, na kirusi cha Windows kinaweza kukufungia faili za chuo kama kawaida.

Mkianza kubadilishana mifumo, saa ya Windows itapotea kwa saa tatu kamili. Mashine ni nzima. Linux huweka saa ya ndani kwa majira ya UTC, Windows huisoma kana kwamba ni ya Afrika Mashariki. Andika mara moja kwenye Linux:

timedatectl set-local-rtc 1

Upande wa mdogo wako, Microsoft iliweka masasisho ya ziada ya usalama ya Windows 10 hadi Oktoba 2026 kwa watumiaji wa kawaida wanaojiandikisha. Mwandikishe kama hamjafanya hivyo. Baada ya hapo Windows hiyo iwe ya Valorant tu. Barua pepe, akaunti ya chuo na mambo ya pesa yafanyieni upande wa Linux.