Kabla hujafungua jalada: ushauri kwa wanaotafuta historia ya meli za maziwa yetu

Mwaka wangu wa kwanza wa utafiti niliupoteza kwa kosa la kijinga: nilikuwa natafuta karatasi za marehemu baba katika ofisi ambayo, siku anaajiriwa, haikuwepo duniani.

Baba alikuwa mtu wa chumba cha mitambo katika meli za Ziwa Victoria. Nyumbani tulisema yuko Reli, mtaani wakasema yuko Marini, yaani idara ya meli, na kitambulisho chake kilisema jambo la tatu. Wote walikuwa sahihi, kila mmoja kwa wakati wake. Kwa hiyo siku hizi anayenijia akitaka kuandika habari za babu yake aliyekuwa baharia, namwambia aanze na karatasi moja tupu na aorodheshe majina ya mwajiri kwa miaka.

Kwa Ziwa Victoria unaanzia kwenye Reli ya Uganda, ile ya Waingereza iliyotoka Mombasa. Meli ya William Mackinnon ilishushwa majini Kisumu mwaka 1900, wakati njia ya reli yenyewe ilikuwa bado haijafika huko. Ziwa Tanganyika lilikuwa na mambo yake: Wajerumani kwanza, halafu Reli ya Tanganyika chini ya Waingereza. Mwaka 1948 pande zote zikawekwa chini ya East African Railways and Harbours, yaani Reli na Bandari za Afrika Mashariki, makao makuu Nairobi. Mwaka 1969 reli na bandari zikatenganishwa, kila moja ikawa shirika lake. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na meli zikagawanywa kama mali ya mirathi: Victoria na Umoja zikabaki Tanzania, Uhuru ikaenda Kenya. Baadaye, kwa upande wa Tanzania, meli zikatolewa kwenye shirika la reli zikapewa kampuni yake yenye makao Mwanza.

Sasa chukua mtu aliyeajiriwa Mwanza mwaka 1962 akastaafu mwaka 1985. Habari zake zimetapakaa nchi mbili na angalau waajiri watatu. Miaka ya mwanzo ya baba niliikuta kwenye ripoti zilizohifadhiwa Nairobi, mji ambao yeye mwenyewe hakuwahi kuukanyaga. Ukienda Nyaraka za Taifa, iwe Dar es Salaam au Nairobi, usiulize "meli". Uliza reli, kisha ndani ya reli uliza idara ya meli. Na uliza taratibu za kibali kabla hujakata tiketi, maana kufika mapokezi na kurudishwa kunauma kuliko nauli.

Usidharau Gazeti la Serikali pia. Linachosha kusoma, lakini matangazo yake ya uteuzi, zabuni na kanuni za bandari yana tarehe, na tarehe ndiyo uti wa mgongo wa kazi hii.

Hapo kwenye tarehe tukae kidogo, maana ndipo watu wengi wanapopotea. Ukiulizwa Liemba, ile meli ya Ziwa Tanganyika, ni ya mwaka gani, utajibu nini? Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikiitwa Graf von Götzen. Ikafunguliwa vipandevipande, ikajazwa kwenye maelfu ya makasha, ikaja kwa bahari hadi Dar es Salaam, ikapanda treni hadi Kigoma. Huko ikaungwa upya na kushushwa ziwani mwaka 1915. Mwaka 1916 Wajerumani waliokuwa wakirudi nyuma waliizamisha wenyewe, lakini mafundi wakaipaka mitambo grisi kwanza, kama mtu anayefunga nyumba akijua atarudi. Hawakurudi wao. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba. Mwaka wowote kati ya hiyo mtu anaweza kuuandika kama umri wa meli na asiwe muongo. Mimi naandika yote, na mbele ya kila mmoja naeleza ni wa nini: kujengwa, kushushwa majini, kuzama, kuibuliwa, kuanza kazi.

Mitambo nayo husaidia kupima masimulizi. Injini za mvuke za Liemba ziliondolewa miaka ya 1970, zikawekwa za dizeli. Kwa hiyo akitokea mtu anasema mjomba wake alihudumia boila za mvuke za Liemba mwaka 1985, usimbishie mbele ya wageni. Andika alivyosema, kisha ukitulia jiulize ni mwaka uliokosewa, au ni meli.

Tuje kwa wazee wenyewe. Mara ya kwanza nilikwenda kwa mzee mmoja aliyefanya kazi na baba, nikaamkia, nikakaa, nikasema, "Mzee, naomba unisimulie historia ya meli." Akanyoosha mgongo, akanipa hotuba ya dakika ishirini ambayo ningeweza kuisikia redioni. Tulikunywa chai, nikaondoka mikono mitupu. Mara ya pili nilikwenda na picha ya chumba cha mitambo, nikaiweka mezani bila kuuliza kitu. Aliitazama, akagusa kona moja kwa kidole, akasema, "Hiyo valvu ilikuwa jeuri." Saa mbili zikapita. Nikajua nani alilala wapi, chakula cha mabaharia kilipikwa na nani, kengele ya amri kutoka kwa nahodha ililiaje, na kwa nini wa chini hawakupenda kupanda juu mchana. Hayo hayamo katika ripoti yoyote ya mwaka.

Na tafadhali, wahoji kina mama. Nilipouliza mwaka, wanaume waliniambia "kama sabini na kitu hivi". Mke wa baharia mmoja aliniambia, "Huyu wangu wa tatu nilijifungua Victoria ikiwa kwenye chelezo, baba yake akawa nyumbani mwezi mzima." Cheti cha kuzaliwa cha mtoto kilikuwepo kabatini. Nikapata mwezi na mwaka wa matengenezo.

Kuna mahali pa kukanyaga polepole. Meli ya MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996, karibu kabisa na Mwanza, na hadi leo idadi ya waliokufa inatajwa kwa takwimu tofauti. Ikukumbushe kwamba orodha ya abiria hailingani siku zote na watu waliokuwa melini. Makaburi ya Igoma, Mwanza, walikozikwa waliokufa humo, nayo ni kumbukumbu. Lakini usimfuate mfiwa na kinasa sauti mkononi. Mimi sianzi kamwe habari hiyo. Mwenyeji akiianzisha nasikiliza, na naandika baadaye iwapo tu ameniruhusu.

Kuhusu kutunza, nitasema machache niliyoyalipia. Cheti cha baba cha ufundi nilikipeleka kikapigwe laminesheni, nikidhani nakiokoa. Moto uliifubaza wino, na plastiki ile haitoki tena bila kuichana karatasi. Usilaminishe. Usibandike selotepu. Nyuma ya picha andika kwa penseli laini, si kwa kalamu ya wino, na andika majina kutoka kushoto kwenda kulia leo, kabla ya kesho, kwa sababu anayewajua hao watu ana miaka themanini. Bahasha za karatasi ndani ya sanduku la bati lililoinuliwa kutoka sakafuni zitakusaidia dhidi ya mchwa na unyevu. Kwa nakala, simu yatosha ukipiga karibu na dirisha bila mwanga wa flashi. Ukipata skana, nukta 600 kwa inchi ni nzuri kwa picha ndogo.

Halafu kuna jambo la kuazimisha. Ofisi moja iliniomba picha sita za baba na wenzake gatini kwa ajili ya maonyesho. Nilizitoa kwa furaha, bila hata karatasi ya kusaini. Maonyesho yalipita, aliyezipokea akahamishwa, na kila nikienda naambiwa zipo. Siku hizi anayetaka picha anakuja na skana yake mezani kwangu, nami nakaa hapohapo mpaka amalize.